Ushuru wa Mali Ghafi: Nani Anayeubeba?



Serikali inapotoza ushuru madini au mazao ya misitu yanayosafirishwa nje yakiwa ghafi, huwa na malengo mawili: kupata mapato, na kuihimiza mali hiyo isafishwe au iundwe hapa nchini ili ajira na ujuzi vibaki kwetu. Historia ya mwambao wetu yaonyesha kwamba nia hiyo ni njema. Katika karne ya 19, pembe za ndovu zilipita Ujiji zikibebwa na wapagazi hadi Bagamoyo. Sultani wa Zanzibar alipata ushuru wake pwani, na viwanda vya Connecticut, Marekani, vikazichonga kuwa vibao vya piano. Waliozibeba mabegani hawakuachiwa ufundi wala kiwanda.

Taifa letu limejaribu kujisahihisha. Mwaka 2004 lilipiga marufuku kusafirisha magogo nje. Machi 2017 ikawa zamu ya makinikia, yaani mchanga wenye madini. Mwaka huohuo mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Kwa viwango hivyo, dhahabu ya shilingi 1,000,000 ilidaiwa shilingi 70,000.

Hata hivyo, anayelipa forodhani siye daima anayeubeba mzigo. Mnunuzi ajuaye kwamba atatozwa aweza kupunguza bei anayompa mchimbaji mdogo au mpasua mbao. Pakiwapo kiwanda jirani, mzalishaji ana mahali pengine pa kuuza. Pasipokuwapo, hana hiari. Ndivyo ilivyotokea kwa ngozi. Ushuru wa ngozi ghafi ulifikia asilimia 80 ili kuvilinda viwanda vya ndani, lakini viwanda hivyo havikutosha. Bei ikaanguka, ngozi nyingi zikatupwa, nyingine zikavushwa mipakani kwa magendo.

Mafundisho Jamii ya Kanisa yatupatia mwanga. Katekisimu, namba 2240, yafundisha kwamba kulipa kodi ni wajibu wa kimaadili, kwa kuwa sote tunashiriki kuyajenga manufaa ya wote. Basi, kuvusha dhahabu au mbao usiku kwa mtumbwi katika ziwa hili tunalochangia na Kongo, Burundi na Zambia si ujanja wa biashara. Ni kuinyima zahanati dawa na shule madawati.

Mfanyabiashara Mkristo naye ajiulize: je, ninaubeba mzigo wangu, au ninamtwika asiye na sauti? Kumpunja mchimbaji kwa kisingizio cha ushuru ni kudhulumu ujira wa mfanyakazi, dhambi ambayo Mtume Yakobo aliikemea vikali.

Wenye mamlaka nao wanadaiwa. Ushuru wa mali ghafi ni ahadi: tunaizuia mali mlangoni ili iwape watu wetu kazi. Ahadi hiyo yahitaji umeme wa uhakika, barabara, mikopo na mafunzo ya ufundi. Bila hayo, mlango umefungwa na aliye ndani anabaki na njaa.

Kwa hiyo, tulipe kwa uaminifu, tudai stakabadhi, na katika mikutano ya vijiji na mitaa tuulize kwa heshima: fedha iliyokusanywa imefanya nini, na kiwanda kilichokusudiwa kiko wapi? Anayelipa kwa haki ana haki ya kuuliza.