Barafu Katika Nchi ya Joto: Injini ya Ndege Ndogo Inapovuliwa Kabureta

Mwanafunzi akiambiwa kwamba injini ya ndege yaweza kuzimishwa na barafu juu ya mkono wa bahari ulio kati ya Dar es Salaam na Unguja, tena mchana, halijoto ikiwa nyuzi 28 za sentigredi, huenda akacheka. Hata hivyo jambo hilo lawezekana kabisa. Nalo ni mojawapo ya sababu zilizowafanya wahandisi waing'oe kabureta katika injini nyingi za ndege ndogo na kuweka mahali pake mfumo wa kunyunyiza petroli kwa nguvu ya pampu.

Kabureta ni koo ya chuma iliyobanwa katikati. Hewa inayovutwa na pistoni huongeza mwendo ipitapo katika ubano huo, na kanieneo yake hushuka, kama ifundishavyo kanuni ya Bernoulli. Upungufu huo wa kanieneo huivuta petroli kutoka katika kibakuli chake, nayo huanza kugeuka mvuke papo hapo kooni. Sasa, kila kimiminika kinachogeuka mvuke hudai joto kutoka kwa jirani zake. Mwalimu aweza kulionyesha hilo kwa kudondosha spiriti kidogo juu ya kiganja cha mwanafunzi.

Baridi hiyo ni kubwa kiasi gani? Kilo 1 ya petroli huhitaji jotofiche la kilojuli zipatazo 350 ili igeuke mvuke, na huchanganywa na kilo 15 hivi za hewa. Kilo 1 ya hewa hupoa kwa nyuzi 1 inapopoteza kilojuli 1. Tukigawanya 350 kwa 15 tunapata 23, yaani hewa itapoa kwa nyuzi 23 iwapo joto lote litatoka kwake. Tukiongeza upoaji unaoletwa na kule kutanuka kwa hewa ipitapo penye ubano, tofauti yaweza kuzidi nyuzi 30. Basi hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 28 hufika chini ya sufuri, na unyevu wake huganda juu ya kilango kile ambacho rubani hukifungua na kukifunga ili kuongeza au kupunguza nguvu. Hatari huzidi wakati wa kushuka, kwa kuwa kilango kimekaribia kufungwa, na barafu kidogo tu yatosha kuziba mwanya uliobaki. Ubaya mwingine ni kwamba barafu hiyo huyeyuka kabla ya wachunguzi kufika, ikawaachia injini isiyo na kasoro yoyote.

Rubani wa injini ya kabureta hakuachwa bila kinga. Anayo fimbo ya kuingiza hewa iliyopashwa moto kando ya bomba la moshi. Lakini hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo nguvu ya injini hupungua. Na barafu inapoyeyuka injini humeza maji na kukohoa, hata rubani mchanga akishikwa na hofu huirudisha fimbo mapema mno.

Kasoro ya pili ya kabureta ilijulikana vitani. Mwaka 1940 marubani wa Uingereza waliokuwa wakirusha ndege za Spitfire na Hurricane waliona injini zao za Merlin zikikatika kila walipoinamisha pua ya ndege ghafla, kwa sababu petroli iliruka juu ndani ya kibakuli cha kabureta. Adui zao Wajerumani, ambao injini zao za Daimler-Benz DB 601 zilinyunyiziwa petroli moja kwa moja ndani ya silinda, waliweza kupiga mbizi na kutoroka. Mwaka 1941 mhandisi Beatrice Shilling, wa kituo cha utafiti cha Farnborough, alipunguza tatizo hilo kwa kipande kidogo cha chuma chenye tundu kilichozuia petroli kufurika. Nampenda sana mhandisi huyo: hakungoja injini mpya.

Katika ndege ndogo za leo petroli haipelekwi ndani ya silinda yenyewe. Chombo kimoja hupima hewa inayoingia na kutoa petroli kwa kadiri yake. Petroli hiyo hufika kwenye kigawanyi kilicho juu ya injini, kisha hupita katika vijibomba vyembamba hadi kwenye nozeli moja kwa kila silinda, karibu na vali ya kuingizia. Hapo chuma ni cha moto. Uvukizi ule ule hutokea, joto lile lile hudaiwa, lakini barafu haina pa kushika.

Kuna faida nyingine ambayo mimi naiona kubwa kuliko inavyosemwa. Kabureta hugawa vibaya: silinda moja hupata petroli nyingi, nyingine hupata haba na kuwaka kwa joto kali. Rubani hana budi kuongeza petroli kwa zote ili aiponye iliyo haba. Nozeli zilizolinganishwa vizuri humwondolea hasara hiyo.

Wengi hudhani kwamba badiliko hili huongeza nguvu sana. Injini ya Lycoming O-360 ya kabureta, yenye lita 5.9, hutoa nguvu za farasi 180 kwa mizunguko 2,700 kwa dakika. Ndugu yake mwenye nozeli na mgandamizo ule ule, IO-360-B, hutoa 180 pia.

Kazi yenyewe si ya kufungua skrubu nne. Katika ndege yenye mabawa juu, kabureta huridhika na petroli inayoteremka yenyewe kutoka tangini. Nozeli hudai pampu yenye kanieneo ya kilopaskali 100 hadi 300, na pampu ya pili ya umeme ya akiba. Kwa kanieneo hiyo, mpira uliopasuka hutoa mnyunyizo wa petroli karibu na bomba la moshi lenye moto. Kila silinda lazima iwe na tundu la nozeli. Tundu la nozeli lenyewe lina kipenyo cha milimita 0.7 hivi, kwa hiyo chembe ya kutu kutoka katika pipa la petroli yaweza kuinyima silinda chakula. Ndiyo maana Cessna 172, iliyosimama kuundwa mwaka 1986, iliporudi mwaka 1996 ikiwa na nozeli, haikubadilishwa injini peke yake, bali mfumo wake wa petroli pia ulipangwa upya. Mwenye ndege ya zamani hawezi kuyafanya hayo kwa hiari yake. Hana budi kupata kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kwa mabadiliko hayo. Huko Marekani, wanaojiundia ndege wenyewe wana uhuru zaidi.

Na hata baada ya hayo, nozeli nazo zina adabu zao. Rubani akitua Dodoma adhuhuri, akazima injini kwa dakika ishirini na kurudi, ataikuta petroli imechemka ndani ya vile vijibomba vilivyolala juu ya silinda za moto. Injini itageuza rafadha mara kadhaa, iwake, ife tena, mpaka petroli baridi ifike.