Mdudu Ajikunjaye kama Kidonge

Afunuapo mtu gogo lililooza au jiwe lililo kivulini, huenda akaona wadudu wadogo wa kijivu wakikimbilia gizani. Wengine, wakiguswa, hujikunja wakawa mviringo kama kidonge cha dawa. Wengi huwadhania kuwa ni watoto wa jongoo. Sivyo. Jongoo ana jozi mbili za miguu katika pingili nyingi za mwili wake. Mdudu huyu ana jozi 7 tu, na ukoo wake ni wa kaa na kamba wa baharini.

Yule ajulikanaye zaidi, ambaye wataalamu humwita Armadillidium vulgare, asili yake ni nchi zizungukazo Bahari ya Mediterania, naye amesafiri katika mizigo ya watu hata akaenea pande nyingi za dunia.

Ajapokuwa akaa nchi kavu, apumua kwa viungo vilivyo chini ya tumbo, ambavyo havina budi kuwa na unyevu. Kwa sababu hiyo hulikimbia jua, na hujikunja ili maji ya mwili yasipotee na adui asimdhuru. Mama huchukua mayai katika mfuko ulio chini ya mwili wake. Watoto hutoka wakiwa na jozi 6 za miguu. Ya 7 huota baadaye.

Je, ana madhara? Hana sumu. Pengine hutafuna miche michanga, lakini chakula chake hasa ni majani makavu na miti iliyooza. Akiisha kuvisaga, kuvu na vijidudu visivyoonekana kwa macho humaliza kazi, na rutuba hurudi udongoni.

Jambo hili latuhusu sisi tulimao vilima vya Mabamba, mpakani mwa Burundi. Wakati wa kiangazi, toka Juni hata Septemba, wengi huchoma majani shambani. Moto huwaua watumishi hawa, na majivu huchukuliwa na mvua za kwanza mpaka bondeni. Afadhali majani yatandazwe chini ya migomba, yahifadhi unyevu na kuoza polepole. Ila yasigusane na miche michanga.

Nanyi walimu, wekeni wadudu kumi katika sanduku, nusu ya udongo wake mkavu, nusu umelowa. Baada ya saa moja wanafunzi wahesabu walipo, nao watajua wenyewe sababu ya mdudu huyu kupenda kivuli.