Mpindo na Mchepuko wa Mwanga

Miongoni mwa istilahi za fizikia zinazowatatiza wafasiri ni zile zinazotaja namna mwanga unavyoacha njia yake. Kitenzi "kupinda" ni chepesi kutumiwa kwa rifraksheni na kwa difraksheni pia. Sisi twaona kuwa dhana hizo hazina budi kutenganishwa, na teknolojia ya leza yatupa sababu.

Mwanga hupinda uingiapo kwa mshazari kutoka hewani hadi kwenye kioo, kwa kuwa mwendo wake hupungua. Katika mche wa kioo, urujuani ndio upindao zaidi, na nyekundu kidogo kuliko rangi zote. Bamba la mifuo ni chombo kingine: uso wake umechorwa mifuo sambamba, mara nyingi mamia kadhaa katika kila milimita. Mawimbi yatokayo kwenye mifuo hiyo huimarishana katika pembe fulani na kubatilishana kwingineko. Hapa mambo hugeuka: nyekundu, yenye wimbi refu, ndiyo iachayo njia zaidi.

Tutazame kazi ya Donna Strickland na Gérard Mourou, iliyochapishwa mwaka 1985. Mpigo mfupi wa leza ukikuzwa mno huweza kuharibu mtambo unaoukuza. Kwa hiyo waliupitisha kwanza katika uzi wa kioo wa kilometa 1.4; ukarefuka, mawimbi marefu yakitangulia na mafupi yakifuata. Ulipokwisha kukuzwa, waliupitisha kwenye jozi ya mabamba ya mifuo. Mawimbi marefu, kwa kuchepuka zaidi, yalikwenda njia ndefu. Mafupi yakayafikia, na mpigo ukawa mfupi tena, wenye nguvu kubwa. Mwaka 2018 wote wawili walishiriki Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Mfasiri akiandika kuwa mabamba "yalipinda" mwanga, mwanafunzi anayekumbuka mche wa kioo atadhani mawimbi mafupi ndiyo yaliyoacha njia zaidi, na maelezo yote yatapinduka.

Kwa hiyo twapendekeza "mpindo" kwa rifraksheni, "mchepuko" kwa difraksheni, na "bamba la mifuo" kwa chombo chenyewe. Kuchepuka ni kuacha njia kuu, kama tusemavyo barabara ya mchepuko. Mzaha wa mitaani juu ya neno hilo hauliondolei stahili yake. Jina "wavu" halifai, maana huleta fikra ya kunasa, ilhali bamba halinasi mwanga bali huugawa.