Mtoto Ajichorapo, Sisi Tumo Wapi?



Mwezi uliopita nilimpa mwanangu wa miaka kumi na mmoja kazi ya kufanya kwenye kompyuta: atengeneze taswira yake mwenyewe, aizungushie vitu vitatu vinavyoeleza yeye ni nani. Alipomaliza akaniita. Nikaiona picha yake, Burj Khalifa nyuma, mpira miguuni na simu mkononi. Nikamwuliza, "Mwanangu, na sisi tumo wapi?" Akanijibu kwa adabu, "Baba, sikujua niweke nini."

Jibu hilo lilinichoma. Mtoto hawezi kuchora asichosimuliwa.

Kazi ya namna hii hufundishwa siku hizi katika masomo ya sanaa, na baadhi yetu huidhania kuwa mchezo wa kupoteza wakati, au jambo geni kwetu. Sivyo. Pale Lamu, tangu miaka ya 1960, marehemu Omar Said Bakor katika studio yake alikuwa akiunganisha picha kwa mkono, akimtia mtu ndani ya picha ya kitu kingine, kabla kompyuta hazijafika kwetu. Unguja nako Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na watu wakaenda kupigwa picha wakiwa wamejipamba kwa walichotaka kionekane. Na mama zetu je? Anayechagua kanga hutazama pindo, mji na jina, akajua anataka kusema nini. Lugha ya alama ni yetu ya zamani; kilichobadilika ni chombo tu.

Sisi tukaao Al Jaddaf tumezungukwa na alama hizo, ila macho yamezoea. Neno lenyewe kwa Kiarabu lamhusu mpiga makasia, na ukingo huu wa Khor ulijulikana kwa mafundi wa majahazi ya mbao. Maktaba ya Mohammed bin Rashid, iliyofunguliwa mwaka 2022, imejengwa kwa umbo la marfaa, kile kibao tunachowekea msahafu. Mtoto aliyesoma chuoni ataitambua mara moja. Karibu nayo pana Jameel Arts Centre, iliyofunguliwa mwaka 2018, anapoweza kuona jinsi wasanii wanavyosema kwa picha. Tena mpelekeni Al Fahidi, mumwonyeshe dari za nyumba kongwe. Boriti za mikoko zilizotumika katika nyumba za pwani hii zililetwa na majahazi kutoka kwetu, Lamu na Rufiji, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Mtoto akilijua hilo, hatajiona mgeni mtupu katika mji huu.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza, kompyuta ifungwe. Mtoto achukue karatasi, aandike vitu vitatu: kimoja kilichotoka kwa babu au bibi, kimoja cha hapa anapoishi, na kimoja cha analotarajia kuwa. Kwa kila kitu aandike sababu. Asiye na sababu abadilishe kitu. Hapa ndipo mzazi anapohitajika, kwa kuwa kile cha kwanza hakipatikani kwenye mtandao bali kinywani mwako.

Pili, avipige picha vitu hivyo, au avichore kwa mkono na kuviingiza kwenye kompyuta. Programu za bure kama GIMP na Krita zatosha. Humo picha hupangwa kwa tabaka, moja juu ya nyingine, mithili ya karatasi za kuonya: tabaka la chini liwe mahali, la kati liwe mtu, la juu liwe alama. Kila tabaka laweza kufifishwa, kupunguzwa au kusogezwa bila kuharibu mengine. Mwisho aandike chini yake maneno machache, kama jina la kanga.

Mama mmoja aliniuliza: "Na sisi tusiopenda sura ya mtoto ichorwe?" Swali lake ni la haki. Wanazuoni wamehitilafiana katika picha za viumbe wenye roho, na kila nyumba ina msimamo wake. Kazi hii haimlazimishi mtu kuonyesha uso. Mtoto aweza kuweka kiganja chake, kivuli chake ukutani, viatu vyake mlangoni, au mkeka anaokalia. Nami naona picha za namna hiyo mara nyingi husema zaidi, kwa sababu mtazamaji halazimiki kusimama usoni.

Tahadhari moja: picha ibaki nyumbani, ichapishwe na kutundikwa, isirushwe ovyo mitandaoni. Tena mtoto asipige picha za watu wasioridhia, wawe mafundi au wapita njia. Sheria ya Imarati ya mwaka 2021 kuhusu makosa ya mtandaoni ni kali katika kulinda faragha za watu.

Usiku ule nilikaa na mwanangu, nikamsimulia habari za marehemu bibi yake, aliyekuwa akikaa juu ya mbuzi alfajiri akikuna nazi huku akitusikiliza tukisoma. Alicheka kusikia kwamba mbuzi huyo hana miguu minne. Siku ya pili akaiondoa simu, mahali pake akachora mbuzi ya nazi. Mpira aliubakiza. Nilipomshauri aondoe na Burj Khalifa, alikataa: "Hapana Baba, na hapa pia ni kwetu."

Sikuwa na la kumjibu. Picha ile sasa imetundikwa sebuleni, na mgeni akiuliza, mtoto ndiye anayeeleza.

Wabillahi tawfiq.