Mtu wa Kumi Penye Mstari wa Goli

Katika kandanda ya Kimarekani kila timu huwa na watu 11 uwanjani. Kwotabeki, yaani mgawa mpira, akimkabidhi mwenzake ili akimbie nao, hubaki 9 tu wa kumfungulia njia, naye mwenyewe huwa karibu mtazamaji. Akikimbia nao yeye, wafungua njia huwa 10. Penye mstari wa goli mtu huyo mmoja ana thamani kubwa: nyuma ya mstari pana yadi 10 tu, walinzi hawaogopi pasi ndefu, wote husongamana mbele. Hivyo Jalen Hurts wa Philadelphia alifunga kwa mbio mara 3 katika fainali ya Februari 2023, ijapokuwa timu yake ilishindwa 38 kwa 35. Hata hivyo kocha husitasita, kwani kila akikimbia hivyo, huangukiwa na miili mizito mchezaji ambaye mbadala wake ni adimu.