Machimbo, Mbwa Mwitu na Afya ya Binadamu: Athari Hupimwaje?

Dhahabu ya Singida ina historia ndefu: iligunduliwa Sekenke, Iramba, wakati wa utawala wa Wajerumani. Kusini mwa mkoa huohuo, wilayani Manyoni, lipo Pori la Akiba la Rungwa, ambalo pamoja na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha ni makazi muhimu ya mbwa mwitu. Mkazi wa Mtinko, aliye mbali na pori hilo, aweza kuuliza: mnyama huyo anahusianaje na zahanati yetu?

Mbwa mwitu wa Afrika, mwenye mabaka meusi, meupe na ya manjano na masikio ya mviringo, si mbwa wa nyumbani aliyetoroka. Wala si yule anayetajwa kwa jina hilo katika Biblia ya Kiswahili, ambaye ni mnyama wa Asia na Ulaya. Yumo katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Waliosalia barani wanakadiriwa kuwa 6,600 hivi. Kundi moja huzunguka mamia ya kilomita za mraba, na kwa kawaida huzaa jike mmoja tu. Kwa hiyo vifo vichache vyaweza kulisambaratisha kundi zima.

Shimo la mgodi huchukua eneo dogo. Athari kubwa zaidi hutokana na kambi inayoota kando yake: barabara, mitego ya nyaya inayotegwa kwa ajili ya kitoweo, na mbwa wanaofuata watu. Mbwa hao wasipochanjwa, hueneza kichaa cha mbwa. Mwaka 1990 ugonjwa huo ulithibitishwa miongoni mwa mbwa mwitu wa Serengeti, na mwaka uliofuata makundi yaliyokuwa yakichunguzwa huko yakatoweka. Nchini Ethiopia, mwaka 2003, kichaa kilichotoka kwa mbwa wa wafugaji kiliua sehemu kubwa ya mbwa mwitu wa Ethiopia, ambao ni spishi nyingine, katika Bonde la Web, kwenye milima ya Bale.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ya uchimbaji ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza. Tathmini iliyo kamili hurekodi kwanza hali ya awali: nyayo, mapango ya kuzalia, picha za kamera zilizotegwa porini, idadi ya swala na idadi ya mbwa wa vijijini waliochanjwa. Kisha vipimo hivyohivyo hurudiwa mgodi ukiwa kazini, na kulinganishwa na eneo lisilo na mgodi. Bila ulinganisho huo, upungufu uliosababishwa na ukame waweza kudhaniwa kuwa umetokana na machimbo, au kinyume chake.

Hapa ndipo mhudumu wa afya anapohusika. Daftari la majeruhi walioumwa na mbwa ni sehemu ya kipimo. Majeruhi wakiongezeka baada ya kambi kuanzishwa, hatari imeongezeka kwa binadamu na kwa wanyamapori pia; ofisa mifugo aarifiwe mapema. Chanjo ikiwafikia asilimia 70 ya mbwa wa eneo, maambukizi huweza kukatika.

Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata jeraha likiwa dogo. Akamilishe dozi zote za chanjo. Jeraha linalotoa damu huhitaji pia kingamwili. Ujauzito si kizuizi. Asingoje dalili, kwa maana zikishajitokeza, mgonjwa ni nadra sana kupona.

Wachimbaji wadogo wakumbuke pia zebaki. Mvuke wake, dhahabu inapochomwa, hudhuru ubongo, figo na mtoto aliye tumboni. Anayetetemeka mikono amweleze daktari kazi anayoifanya, hata asipoulizwa.