Kizingitini Yahitaji Mgeni Mwenye Chungu Chake

Wafasiri wetu, wanapokutana na yale majira ya Ulaya ambamo majani hupukutika, aghalabu huyaita vuli na kuendelea na kazi yao. Kwa hesabu ya miezi hawajakosea sana. Kwa hali ya hewa wamepotoka. Vuli ni mvua. Ni ile mvua ndogo ambayo mkulima huingojea jembe likiwa begani. Katika visiwa vya Lamu, ambako watu wengi hutazama bahari kabla ya kutazama shamba, sehemu hii ya mwaka ina jina jingine: demani. Ni wakati ambapo kusi imechoka, kaskazi haijaingia, na upepo ni mwanana. Neno hilo hilo ndilo jina la kamba ambayo nahodha huishika ili kuliongoza tanga.

Nimeanza na msamiati kwa sababu hoja yangu ni ya msamiati, ingawa itapitia jikoni. Demani ni wakati mwema kwa mtu wa bara, au wa ng'ambo, kupanga nyumba pwani kwa juma moja au mawili, apumzike na ajipikie mwenyewe. Mtindo huu wa likizo umeenea sana duniani. Swali langu ni hili: mgeni wa namna hiyo akifika Kizingitini, atawafaa nini wenyeji, nao watampa nini?

Kizingitini ni mji wa wavuvi upande wa kaskazini-mashariki wa kisiwa cha Pate, jirani ya Faza. Wenyeji wake ni Wabajuni, na lugha yao ni Kitikuu, mojawapo ya lahaja za kaskazini kabisa za Kiswahili. Msafiri kutoka Lamu huenda kwa mashua ya mtambo, na njia ya Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, humtaka asubiri maji yajae. Hivyo hata kabla hajafika, bahari imekwisha kumfunza kwamba saa yake ya mkononi si kitu.

Mgeni wa hoteli huletewa. Akiona njaa hubonyeza kengele, na chakula huja bila jina wala nasaba. Mgeni mwenye chungu chake hana budi kuuliza. Maji ya kunywa yako wapi? Nilipouliza hivyo katika majuma mawili niliyokaa huko mwezi wa Oktoba, jibu lilikuwa somo zima juu ya jabia, yaani birika kubwa lenye uwanja wa sakafu unaokinga maji ya mvua, kwa kuwa maji mengi ya visima vya kisiwani yana chumvi. Aliyelisikia somo hilo hawezi tena kuoshea chombo ndoo nzima ya maji. Samaki gani leo? Hapo utajua tofauti ya changu na tafi, na kwamba wakati wa bamvua bahari hutoa hiki, na wakati wa maji mafu hutoa kile.

Chukua mfano wa kamba mawe, ambaye ndiye fahari ya mji huu. Mzamiaji hubeba pweza na kumsogeza penye pango la mwamba. Kamba, amwogopaye pweza kuliko amwogopavyo binadamu, hutoka mwenyewe. Humo mna elimu ya viumbe, ya mikondo na ya pumzi, na yote imehifadhiwa katika maneno. Kamba hao hununuliwa na wachuuzi na kupelekwa mbali. Yamkini mtalii wa Mombasa amewala mara nyingi bila kulisikia jina la Kizingitini hata mara moja. Anayewanunua ufuoni na kuwapika mwenyewe, walau anajua shukrani zake azipeleke wapi.

Sasa nije kwenye lugha. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kukisanifisha. Uamuzi huo ulitupatia lugha moja ya vitabu, nami ninakula kwa jasho lake. Hata hivyo, ulizaa dhana potofu kwamba visivyochaguliwa ni makosa. Kiamu husema mato pale ambapo sanifu husema macho. Kitikuu huenda kinyume: penye t ya sanifu, mara nyingi huweka ch, kwa hiyo tatu huwa chachu na tano huwa chano. Huu ni utaratibu wa sauti ulio na kanuni zake, wala si ulimi mzito. Lakini mtoto wa Kizingitini akiandika chachu katika daftari la hesabu, ataambiwa kwamba ameandika kitu cha kuumulia mkate. Akichekwa mara kumi, ataona haya kuzungumza kama bibi yake.

Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, aliyeishi kati ya 1927 na 2017, aliitambua hatari hiyo mapema. Katika Sambo ya Kiwandeo, iliyochapishwa 1979, alilieleza jahazi la Lamu na ujenzi wake kwa utungo, ili majina ya sehemu zake yasizame pamoja na jahazi lenyewe. Lakini utungo mmoja hauwezi kubeba bahari nzima. Neno huishi kwa kuhitajiwa, na mgeni anayeuliza kila asubuhi ni mmoja wa wanaolihitaji.

Najua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni usalama. Mwaka 2011 wageni walishambuliwa na kutekwa nyara Kiwayu na Manda, na mwaka 2014 yakafuata mauaji ya Mpeketoni. Utalii wa Lamu ukaporomoka. Mgeni mwenye busara hutafuta ushauri wa wenye mamlaka kabla ya kung'oa nanga. Pingamizi la pili ni zito zaidi: utalii huweza kuumeza mji. Tazama Shela, ambako nyumba nyingi zimenunuliwa na watu wa mbali, na mwenyeji akauza siku moja kile ambacho angekikodisha maisha yake yote.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, watu wa Kizingitini wakodishe wala wasiuze. Nyumba ibaki ya ukoo, na mgeni awe mpangaji wa majuma. Pili, nyumba hizo ziwe ndani ya mitaa, na mgeni afuate adabu ya mji wa Kiislamu katika mavazi, katika kinywaji na katika anachotia chunguni. Tatu, walimu wawatume wanafunzi kwa wazee wakusanye majina ya samaki, pepo na vyombo kwa Kitikuu, na kila nyumba ya kupanga iwe na orodha hiyo ukutani. Mtoto atakayemwona mgeni akihangaika kuyatamka maneno ya bibi yake hatayaonea haya tena.

Wahenga walinena kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kizingitini haina haja ya kumpa mgeni wake jembe. Impe chungu, imwoneshe jabia na ufuo, kisha imwache aulize.